Vitambaa vya Kompyuta

Kompyuta kumi na mbili zilipangwa ukutani, kila moja imevishwa kitambaa cha bluu chenye upindo mweupe. Vitambaa hivyo alivishona mwenyewe Fundi Futi, mama wa makamo anayetembea na futi shingoni hata msibani, kabla hajajiandikisha hapo kujifunza kuandika programu. Wiki ya sita ilikuwa inakatika na alichoshika mpaka siku hiyo ni kalamu tu. Mwalimu, kijana wa rika la mwanawe wa mwisho, aliandika ubaoni, wao wakanakili. Mashine, alisema, wangezigusa wiki ya mwisho, ya kumi na mbili.

Fundi Futi alikuwa na programu yake daftarini: uipe kipimo cha kiuno, ikuambie upana wa vipande viwili vya sketi. Alitaka kuijaribu, basi. Siku hiyo uvumilivu ulimwishia. Akainuka, akavua kitambaa kimoja.

"Mama, ukiiharibu je?" mwalimu akauliza.

"Mwanangu, mimi simfundishi mtu kushona kwa kumchorea sindano."

Akaandika kwa kidole kimoja, darasa zima limemzunguka. Dada wa saluni, jirani yake wa dawati, alikuwa na kiuno cha inchi thelathini na mbili. Kompyuta ikajibu: kila kipande kumi na sita. Fundi akakata gazeti, akabana mishono kwa pini, akamvisha. Likambana dada wa watu hata kupumua shida.

Watu wakacheka. Mwalimu akasema ndiyo maana huwaambia wakariri kwanza.

Fundi hakucheka. Alipima, akakuta inchi mbili zimeliwa na mishono. Miaka yote mkono wake huiacha nafasi ya mshono bila kuambiwa. Kompyuta haina mkono huo. Akaongeza inchi moja kwa kila kipande. Gazeti la pili likakaa kama limezaliwa naye.

Ndipo akamfunulia mwalimu daftari. "Kosa hili liko hapa tangu wiki ya pili. Na wewe ukalitia tiki."



Fundi Futi akapita mstari mzima akivua vitambaa vilivyobaki, akavikunja vyote kumi na viwili na kuvitia kikapuni mwake.

"Vinahitaji kufuliwa," alisema akitoka. "Vitakauka baada ya wiki sita."