Kibuyu cha Mbarika na Pikipiki ya Baba

Mjukuu wangu ameleta nyumbani mzoga wa pikipiki. Mzoga, rafiki yangu, sina neno lingine. Aliununua kwa muuza vyuma vikuukuu, akausukuma hadi hapa kwetu mtaa wa Dallas, Embu mjini, na sasa ua wangu wa kuanikia mahindi umegeuka gereji. Hajawahi kutengeneza hata baiskeli. Anatazama video kwenye simu, anafungua nati, anatazama tena, anakuna kichwa. Mimi nakaa kwenye kigoda changu nachambua maharagwe na kumcheka kimoyomoyo, ingawa lazima nikubali kwamba kijana ana bidii.

Juzi jua likielekea kuzama akaingia ndani kunywa chai, akaacha vyuma vyote vimelala uani, bomba hapa, bomba pale. Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ua. "Ondoa vyuma hivyo! Ondoa sasa hivi, watu wasione!" Akatoka mbio akidhani ni nyoka. "Cucu, kwani kuna nini?" aliniuliza, maana hivyo ndivyo sisi Waembu tunavyomwita nyanya. "Nani ataiba hii takataka?" Nilivua leso nikavifunika mwenyewe, mwanamke mzima mwenye vitukuu, eti kwa sababu ya bomba la eksozi.

Wacha nikueleze wewe, maana yeye alikuwa na haraka ya kurudi kwenye simu yake.

Nilizaliwa kule juu, mahali mashamba yanapogusana na msitu wa mlima. Baba alikuwa amekwenda vita vya Hitila, na huko jeshini alibebeshwa ujumbe kwa pikipiki. Alirudi na koti zito la kijani na ugonjwa wa kupenda pikipiki ambao haukupona. Mzungu mmoja mkandarasi wa barabara alipohama alimwachia yake, iliyokuwa imekufa kitambo, na baba akaapa kwamba ataifufua. Kila Jumapili baada ya kanisa aliifungua kidogo kidogo chini ya mgomba. Mama alikaa kando yake, na kila nati au bolti iliyotoka aliitunga kwenye kamba ya mkonge jinsi mtu anavyotunga shanga, kwa sababu kuku wetu walikuwa wanadonoa chochote kinachong'aa. Mimi kazi yangu ilikuwa kufukuza hao kuku.

Siku hizo zilikuwa na harufu yake. Viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye majivu, moshi wa kuni mbichi, na zaidi ya yote mafuta ya mbarika ya Cucu, mama yake baba. Watoto wa leo hawayajui. Alikuwa anakaanga mbegu za mbarika, anazitwanga kwenye kinu, anazichemsha, kisha anaengua mafuta juu kwa upole mpaka kibuyu kijae. Hatukutoka kwenda kanisani kabla hajatupaka shingo na magoti. Bibi harusi alipakwa mpaka anameremeta, na harusi ya kwetu uliitambua kwa pua kabla hujaiona kwa macho. Hata mtu aliyetoka mbali, iwe ni vitani au jela, hakuvuka mlango wa mama yake mpaka mama ampake mafuta kwanza, kichwani na kifuani. Bila hayo alihesabiwa kuwa bado yuko njiani.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowasaka wapiganaji wa msituni. Baba alichukuliwa asubuhi moja akinywa uji. Walimpandisha lori pamoja na wanaume wengine wa kilima chetu, na kikombe chake kikabaki na uji nusu. Mama hakulia mbele yetu. Cucu naye aliingia nyumbani, akajaza kibuyu kidogo mafuta yake mazuri kuliko yote, akakiziba kwa gunzi la mahindi, akakining'iniza juu ya kitanda chake. "Haya ni ya kumpokea mwanangu," alisema. "Atakayeyagusa nitamkata mkono." Na wallahi tulimwamini.

Haukupita muda tukaamriwa sote kuhamia kwenye kijiji kimoja, nyumba zikiwa zimebanana, handaki na miti iliyochongwa ikizunguka pande zote. Tulibeba tulichoweza. Nyuma yetu nyumba zilichomwa moto, na migomba, na ile mibarika ya Cucu iliyokuwa kando ya boma. Aligeuka mara moja tu kutazama. Mama alibeba pikipiki ya baba kwa safari kadhaa, vipande vyake vikiwa ndani ya magunia na majani ya viazi juu, mpaka mgongo wake ukaota vidonda vya kamba. Hakuacha hata ile kamba ya nati, aliivaa shingoni.

Hapo ndipo matata yalipoanza. Mkubwa wa walinzi wa kijiji, wale kamatimu waliobeba mikuki kwa niaba ya serikali, alimwaga magunia yetu mlangoni. Huyu alikuwa mtu wa kwetu, alicheza na baba utotoni. Alitazama mabomba na vyuma vimetapakaa mavumbini, uso ukambadilika. Kila mtu alijua kwamba wapiganaji wa msituni walikuwa wanatengeneza bunduki kwa mabomba na vyuma vya kuokota. Kukutwa na kipande kimoja tu kulitosha kukupeleka usikorudi.

"Mke wa rafiki yangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi naona mabomba."

"Ni pikipiki," mama akasema.

"Pikipiki iko wapi? Bwana afisa atakuja kukagua kijiji mwezi ukiandama. Siku hiyo kama ni pikipiki, iungurume. Isipounguruma, hivi ni vyuma vya bunduki, na mimi sikujui wala hukunijua."

Jirani zetu walimshauri mama avitupe handakini. Mama alikataa. Chuma kilichotupwa kitaokotwa na mtu, alisema, na siku kitakapokamatwa kitarudi na jina langu. Halafu akaongeza, kama anayejiambia mwenyewe, kwamba pia si chake kutupa.

Basi mama yangu, ambaye hakuwa amewahi kushika spana isipokuwa kuiondoa njiani asijikwae, akaanza kutengeneza pikipiki. Mchana wote wanawake walikuwa kwenye kazi ya lazima, wakichimba mtaro mrefu kando ya msitu. Walirudi na matope mpaka nywele. Palibaki kipande kifupi cha jioni kabla ya filimbi ya kufungia watu ndani, kile ambacho wengine walitumia kupika. Sisi tulikula githeri baridi, rafiki yangu, kwa sababu mama alikuwa amekaa chini na ile kamba ya mkonge mapajani. Nati iliyotungwa mwisho ndiyo iliyorudi kwanza. Alitembea nyuma kwenye zile Jumapili, moja baada ya nyingine, huku akinong'ona, "Hii aliifungua siku ile ya mvua. Hii siku alipojikata kidole." Tairi zilizooza alizishindilia nyasi kavu mpaka zikasimama. Petroli alipewa na dereva wa lori la chumvi kwa kuku wetu wa mwisho, chupa moja, na mdomo wake aliufunga kwa kitambaa tukaificha mtungini.

Cucu hakusaidia. Alikaa mlangoni akivuta ugoro na kumkejeli. "Ala! Mwanangu alioa mwanamke, kumbe ameoa fundi!" Lakini alikuwa anatazama njia, na mkuu wa kamatimu alipotokeza kwa mbali Cucu alianza kukohoa kwa nguvu.

Mama alikuwa mwanamke safi kupita kiasi. Sufuria zake uliweza kujitazama ndani. Alichofanya, kabla ya kufunga injini, aliisugua yote kwa majivu na mchanga, ndani na nje, pistoni na silinda na kila jino, akaisuuza kwa maji, akaianika juani. Hakuacha hata chembe ya uchafu mweusi. Ilimeremeta, sikudanganyi. Alifunga kila kitu, akapanda, akapiga teke.

Ilipiga yowe. Chuma kwa chuma, sauti ya kukera meno, kisha ikashika, pistoni haipandi wala haishuki. Na ukaguzi ulikuwa keshokutwa. Mama alikaa chini mavumbini, na kwa mara ya kwanza tangu lile lori liondoke na baba nikamwona akilia. Alilia wazi, mdomo wazi, kama mimi nilivyokuwa nalia. Nilijua akichukuliwa nitabaki na Cucu tu, na Cucu alikuwa mzee, na sikujua nani atanisuka.

Cucu akaja akaizunguka ile pikipiki. Akaweka kidole kwenye silinda, akakisugua kwa kidole kingine.

"Umemwogesha mtoto," alisema, "halafu hukumpaka mafuta. Sasa unashangaa analia?"

Mama akasema mafuta ya injini hayapo, yako madukani mjini, na nani atampa kibali cha kutoka. Cucu aliingia ndani, akatoka na kile kibuyu kidogo. Mama akaruka. "La, mama! Hayo ni ya kumpokea!" Mibarika yetu ilikwishaungua, na kijijini hatukuruhusiwa kupanda chochote kirefu kando ya nyumba. Mafuta hayo yalikuwa ya mwisho, na sote watatu tulijua.

Cucu aling'oa gunzi kwa meno. "Afadhali arudi akose mafuta," alisema, "kuliko arudi akose mke. Shika kibuyu, mimi nitapaka."

Walifungua injini upya na kuipaka kipande kwa kipande, kama wanavyompaka mwali. Yaliyobaki waliyamimina ndani mpaka kibuyu kikalia tupu. Pistoni ikateleza.

Siku ya ukaguzi tulipangwa mistari. Bwana afisa alisimama na kofia yake, mkuu wa kamatimu kando yake akitokwa na jasho kuliko mama. Mama akapandisha sketi hadi magotini, jambo la aibu kuu, akapiga teke. Kimya. Akapiga tena. Pikipiki ikalipuka pa! kama bunduki yenyewe, watu wote wakalala chini, afisa akashika bastola. Ngai wangu! Nilifumba macho. Mama hakuteremka. Alipiga teke la tatu kwa hasira ya siku zote zile, na injini ikashika moto, ikakohoa, ikaunguruma.

Ikatoa moshi mweupe, mzito. Moshi ukatambaa juu ya mistari ya wanawake waliochoka, wenye matope, waume zao wako kambi za kizuizini, na ukanuka harusi. Mbarika inayoungua. Nikaona mwanamke mmoja amefunga macho na kuvuta pumzi, na jirani yake, na mwingine. Hakuna aliyeruhusiwa kupiga kelele mbele ya afisa, lakini Cucu alitupa kichwa nyuma akapiga kigelegele peke yake.

"Ni pikipiki," mkuu wa kamatimu akamwambia afisa, na nikasikia sauti yake ikipasuka kidogo. Afisa akaamuru petroli iliyobaki imwagwe. Ikamwagwa. Pikipiki ilisimama nyumbani mwetu miaka iliyobaki ya Hali ya Hatari, tukitundika vibuyu na nguo kwenye usukani wake, nami nikilala karibu na gurudumu la mbele.

Baba alirudi nilipokuwa nimeanza kuota matiti. Nilimwona akipanda njia kwa miguu, amekonda, akichechemea, na lile koti halipo. Mama alitupa jembe. Mimi nilikimbia. Lakini Cucu alisimama mlangoni, akanyoosha mkono.

"Usivuke hapo."

Baba akasimama. Kila mtu akasimama, na mama akaweka mkono mdomoni, maana alikumbuka. Kibuyu hakikuwa na mafuta tena, sasa tulitunzia chumvi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Cucu, na magoti yake mabovu yote, akainama. Akajilaza karibu na pikipiki, akapapasa tumbo la injini, akaiambia nati ilegee kama anayekama mbuzi mkaidi. Ikalegea. Mafuta yakatiririka kwenye kata, meusi ti, mazito.

Akaenda nayo mlangoni akampaka mwanawe kichwani, kwenye paji la uso, kifuani. Baba akanusa kiganja chake.

"Mama," alisema, "haya mafuta yameungua."

"Na nani hapa hakuungua?" Cucu akasema. "Simama vizuri nikupake."

Baba akasimama vizuri. Machozi yalichora mistari kwenye ule weusi, na sisi tulikuwa tunacheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu alionekana kama sufuria yenye masizi. Kisha akavuka mlango.

Wote wamekwenda sasa. Kijiji kile kilivunjwa, watu wakarudi mashambani, na mahali pa mtaro pamelimwa chai. Baba aliendesha pikipiki ile miaka michache, aliwahi kumpeleka mama hadi soko la Ishiara akarudi amejaa vumbi na furaha kama msichana, halafu chuma kikachoka na mhunzi akakigeuza majembe. Mibarika bado ipo, inaota yenyewe kando ya mitaro hapa Dallas. Watoto wanarushiana mbegu zake. Najua kukamua mafuta yake na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Jana mjukuu wangu alimwaga oili kuukuu ya pikipiki yake kwenye karai, akaibeba akaitupe. Nikamwambia, "Ngoja." Nikachovya kidole kwenye ule weusi nikanusa, yeye akinitazama kama nimerukwa na akili. Ilinuka kituo cha petroli tu. Hakukuwa na mtu aliyekuwa akingojewa ndani yake.