Wali wa Nyuma ya Pazia

Bi Tokie Igarashi alihamia mtaani kwetu ili ammalize mtu. Hakuja na kisu wala sumu. Alikuja na sufuria, na kwa miaka miwili sote tulikula kwake na kumsifia supu. Mimi nilijiona wa kwanza kujua, na nilijua kwa sababu ya umbea wangu. Sioni haya kulisema. Duka langu la kufua nguo limeungana ukuta na mgahawa wake, na mtu anayefua nguo za mtaa mzima usimwambie asiwe na udadisi. Doa la kila mtu hupitia mikononi mwangu.

Kilichoniwasha tangu mwanzo ni hiki. Mtaa wetu wa Kajimachi ni wa watu wa kutengeneza vijiko na visu. Zamani kila nyumba ilikuwa na mashine inanguruma, sasa karakana zimebaki za kuhesabika, na vijana wote wamekimbilia Tokyo. Basi mwanamke mgeni, hana mume, hana ndugu hapa, anakuja kufungua mgahawa mahali ambapo hata paka wanahama? Tena mkabala kabisa na karakana ya Mzee Honma? Alipokuja kunisalimia na taulo la ugeni, kama mhamiaji yeyote mwenye adabu, nilimuuliza papo hapo mlangoni.

"Bi Tokie, umefuata nini huku? Theluji?"

"Maji," alisema. "Maji ya huku yanapika wali vizuri."

Ni kweli maji yetu ni mazuri. Lakini mtu hahami mji kwa ajili ya maji. Nikaliweka lile taulo kabatini na jambo lenyewe nikaliweka kichwani.

Mchana wafanyakazi wa Mzee Honma walikuwa wakivuka barabara kuja kula, nyuso nyeusi kwa vumbi la kung'arisha vijiko. Wa mwisho kuingia siku zote alikuwa kijana mmoja, Sugai, mrefu, mkimya mpaka anakera. Ukimwambia hujambo anainamisha kichwa kana kwamba umemkemea. Lakini kazi aliijua. Mzee Honma, ambaye hakujaliwa mtoto, alikuwa akimsifu waziwazi mpaka wenzake wakanuna.

Sasa sikiliza. Wali wetu sote ulitoka kwenye chungu kikubwa cha umeme kando ya kaunta. Wali wa Sugai ulitoka nyuma ya pazia, chumba cha ndani ambacho hakuna aliyekanyaga. Kila siku. Niliangalia siku ya kwanza, nikaangalia ya pili, mwezi ukaisha, mambo ni yale yale.

Si mimi peke yangu niliyeona. "Mama," Mzee Honma alimtania siku moja, kwa maana wateja wote walimwita Mama, "mbona Sugai ana chungu chake? Sisi wengine tumekukosea nini?"

"Yeye bado anakua," alisema Bi Tokie.

"Anakua! Dume zima hilo? Basi mimi nazeeka, niongeze samaki."

Watu wakacheka. Sugai hakucheka. Alikula mpaka punje ya mwisho, akaunganisha viganja, akashukuru kwa sauti ya chini, akarudi kazini.

Mimi nikasema moyoni, ahaa! Nimekushika. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu anakitaka kitoto cha watu. Nilifurahi, nisiseme uongo. Mtaa wetu hauna sinema.

Pazia lile ndilo lililonifumbua macho, maana nalo lilikuwa likija kwangu kufuliwa. Asubuhi moja ya vuli nililipiga pasi mapema, nikalipeleka kabla mgahawa haujafunguliwa. Mlango ulikuwa wazi, na kwa kuwa pazia nilikuwa nalo mimi begani, chumba cha ndani nacho kilikuwa wazi. Bi Tokie alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la kuombea marehemu. Ndani yake kulikuwa na picha ya mvulana mwenye sare ya shule, meno ya mbele yamekaa upande, anacheka. Udi unafuka. Mbele ya picha, bakuli la kitoto lenye mchoro wa treni, limejaa wali.

Aligonga kengele ndogo, akainama, kisha akalishusha lile bakuli. Akaumimina wali ule katika bakuli jingine, akaufunika, akauweka rafuni pembeni ya vijiti vya kulia ambavyo mtaa mzima tulivijua ni vya Sugai.

"Ingia tu, Nobue," alisema bila kugeuka. "Umesimama hapo kitambo."

Loo, nilitamani sakafu inimeze. "Ni mwanao?" niliuliza.

"Kanta. Angetimiza ishirini mwaka huu."

"Na wali huo?"

"Wa Sugai."

Nikacheka kidogo, kama mtu asiyeelewa. Yeye akachukua pazia begani kwangu, akaanza kulitundika, na huku akilitundika akanieleza yote kwa sauti kavu, kana kwamba ananisomea bei za samaki.

Kanta alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wavulana wanne wa darasa lake walimpiga chini ya daraja, jioni ya theluji, wakamwacha hapo. Alipopatikana alikuwa ameshaganda. Kiongozi wao naye alikuwa wa miaka kumi na mitatu, na wa umri huo kwetu hashtakiwi. Alipelekwa kwenye nyumba ya watoto kurekebishwa, jina likafichwa, kikao kikafanyika mlango umefungwa. Mama mzazi akabaki nje kwenye benchi.

"Waliniambia bado ni mtoto," alisema. "Na Kanta wangu je, alikuwa mzee? Hata neno lake la mwisho hakuna aliyeniambia. Hilo tu niliwaomba."

Magazeti yaliheshimu sheria, mtandao haukuheshimu. Ndani ya wiki moja jina na sura vilikuwa kila mahali. Takuma Nemoto. Familia ikahama, ikabadili jina, ikachukua la upande wa mama.

"Sugai," nilisema. Nikakaa.

"Sugai. Kuna mtu nisiyemjua aliniandikia kwamba yuko kwa Honma. Nikauza nyumba."

"Kwa hiyo unamlisha wali wa Kanta ili iweje?"

"Ili umkwame kooni. Kila siku amle kidogo yule aliyemuua, mwenyewe hajui. Lakini hiyo ni ya kujiliwaza tu, Nobue. Siku yenyewe inakuja. Mzee Honma anataka kumwasili kijana, ampe jina lake na karakana yake. Mimi nilikuwa naisubiri hiyo. Mtu asiye na kitu utamnyang'anya nini? Sasa amepata. Mwezi wa kumi na mbili ni kumbukumbu ya mwaka wa saba ya Kanta. Siku hiyo nitamsimamishia vijiti kwenye wali mbele ya watu wote, na nitamwita kwa jina lake."

Sisi hatusimamishi vijiti kwenye wali. Mtoto akifanya hivyo anapigwa kofi la mkono, kwa sababu wali wa namna hiyo ni wa maiti, bakuli moja tu, kando ya kichwa chake. Kumwekea mtu mzima aliye hai ni kumwambia umekufa.

Lakini mimi mdomo wangu hauna breki. "Sawa," nilisema. "Ila hebu nijibu, shoga. Wali wa marehemu ukishushwa, kwenu unaliwa na nani?"

Akavuta pazia, akalinyoosha.

"Maana kwetu unaliwa na wenye nyumba. Baba, mama, watoto. Mgeni hapewi. Wewe miaka miwili sasa unampa huyo fungu la mwenye nyumba, halafu unaniambia unamlaani?"

"Toka nje, Nobue."

"Nauliza tu."

"Toka!"

Nikatoka, nami nimekasirika, sijui kwa nani. Nilifikiri kumwonya Mzee Honma. Nikafikiri kumwambia kijana akimbie. Kisha namkumbuka yule mtoto wa meno ya upande, peke yake kwenye theluji. Mtoto si wangu, kisasi si changu, ningeanzia wapi? Nikafua nguo, nikasubiri. Bi Tokie alinisalimia kama kawaida, na wali wa Sugai uliendelea kutoka nyuma ya pazia. Kitu kimoja tu kilibadilika, alikuwa akisimama kumtazama anavyokula, uso wake una swali.

Siku ikafika. Theluji ilianza asubuhi, nzito, ya kushikamana. Niliwahi kiti cha mwisho kwenye kaunta, roho juu. Pazia lilikuwa limefungwa kando kwa kamba, picha ya Kanta inatutazama sote. Mzee Honma aliingia na watu wake, wakakung'uta viatu, wakalalamika baridi. Mmoja akauliza, "Mama, huyo nani?" na Bi Tokie akamwambia, "Kaa, utajua."

Akahudumia wote kwanza, supu ya miso, samaki wa kuchoma, figili za chumvi. Kisha akaingia ndani, akatoka na lile bakuli la treni lenyewe, wali umejazwa mpaka umekuwa kichuguu, na vijiti vya Sugai vimesimama katikati, wima. Akaliweka mbele yake.

Ala! Samaki wa Mzee Honma alibaki njiani kuelekea mdomoni.

"Mama, utani gani huu?" alisema mzee. "Vitoe vijiti hivyo!"

"Si utani, mzee. Huyu unayetaka kumpa jina lako, jina alilo nalo..."

"Nitasema mwenyewe," alisema Sugai.

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mawili mfululizo. Kwanza alivitoa vijiti kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa wali, akala. Alikula bila haraka, mpaka treni ikaonekana chini. Akasimama, akamgeukia Mzee Honma.

"Jina langu la kuzaliwa ni Takuma Nemoto. Huyo pale kwenye picha ni Kanta. Nilimuua mimi, na wenzangu walinifuata mimi."

Mzee Honma aliweka vijiti vyake chini. "Ulinificha," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Nimekula na wewe. Nimekufundisha mkono wangu."

"Ndiyo, mzee."

Mzee akachukua kofia yake. Alitoka bila kumaliza supu, na wafanyakazi wakatoka nyuma yake mmoja mmoja, wa mwisho akasahau kufunga mlango. Nikaufunga mimi. Karakana, jina, mzee wa kumwita baba, vyote vilikuwa vimevuka barabara na kurudi bila yeye. Bi Tokie alikuwa amepata alichokihamia. Nilimtazama nione furaha yake, na sikuiona.

"Ulijua," alimwambia kijana.

"Nilijua. Wali wako unanukia udi. Kwa bibi yangu nilikula wali wa kushushwa, naijua harufu. Nikawa najiuliza ni wa nani. Halafu siku moja pazia lilikuwa kwa dobi, nikamwona."

Pazia langu! Nilishika kaunta.

"Lini?"

"Mwezi wa kwanza ulipofungua."

"Mwezi wa kwanza! Na ukawa unakuja? Kila siku unakula, kwa nini?"

"Jioni ile aliniita nikakimbia," alisema Sugai. "Nikaona nikikimbia na hapa..." Hakuimaliza.

Bi Tokie alikuja mpaka ukingo wa kaunta. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, kisasi chote kimemtoka, limebaki lile swali.

"Aliita? Aliita nini?"

Kijana alitikisa kichwa.

"Nimekaa nje kwenye benchi miaka yote hii," alisema Bi Tokie. "Niambie mwanangu aliita nini."

"Kwanza aliita jina langu. Nilipofika juu ya daraja nikasikia anaita tena." Sugai alikuwa akilia sasa, vumbi jeusi likimchirizika mashavuni. "Alisema, Mama."

Sikuweza kumtazama Bi Tokie. Nilitazama mvuke wa chungu. Nilimsikia tu akipumua, na theluji ikiporomoka kutoka paani kwangu. Kisha nikasikia mkono wake ukilichukua lile bakuli tupu.

Hakwenda nyuma ya pazia. Alifungua chungu kikubwa, kile cha watu wote, akapakua wali wa moto, akaurudisha mbele ya kijana, vijiti vimelazwa.

"Wafu hula bakuli moja," alisema. "Wewe bado uko hai. Kaa."

Sugai akakaa.

"Sijakusamehe."

"Ndiyo, Mama."

"Usiniite Mama."

"Ndiyo."

"Kula."