Bitana ya Ardhi

Amna Zuber alizaliwa Msasani, mjini Tukuyu, katika nyumba ambayo babu yake, mchuuzi wa chumvi kutoka Bagamoyo, aliijenga akidhani angekaa msimu mmoja tu. Alijifunza kushona kwa mama yake, na kwa miaka ishirini na mitatu cherehani yake ililia kwenye baraza ile ile huku mvua ikipiga bati. Soko huria lilipoleta marobota ya mitumba, wateja wa magauni walipungua. Akabaki na kanzu, sare za shule na mapazia. Hakunung'unika sana. Alikuwa na shamba Lufingo.

Shamba hilo mumewe, Yussuph, alilinunua kwa Mzee Anyosisye, aliyebaki kuwa jirani yao. Lilikuwa ekari moja na nusu ya mteremko, yenye migomba, kahawa kidogo na mparachichi mmoja juu kabisa. Chini ya udongo wake mweusi kulikuwa na tabaka nene la kokoto nyeupe, nyepesi kiasi cha kuelea majini, zilizotapikwa na mlima zamani zisizo na hesabu. Mwaka 1992 kampuni ndogo ya kufyatua matofali ilizitaka. Yussuph aliwaruhusu kuchimba nusu ya chini, kwa ahadi ya mdomo kwamba wakimaliza wangerudisha udongo. Hawajamaliza, akafariki. Alikuwa ameusia azikwe chini ya mparachichi, akazikwa hapo. Mwaka uliofuata kampuni ilihama na mashine zake. Udongo mweusi walikuwa wameshausukumia korongoni.

Lilibaki shimo la kina cha watu wanne, jeupe kama mfupa katikati ya nchi ya kijani. Amna alitembea kutoka ukingoni hadi kaburini. Hatua kumi na tisa. Na ukingo ulikuwa ukimeguka.

"Mama Sophia, usihangaike," Mzee Anyosisye alimwambia Amna, akimwita kwa jina la bintiye. "Udongo wa huku hauhitaji mbolea wala maombi. Mwaga, panda, nenda ukalale."

"Na mvua, mzee?"

"Mvua ndiyo mama yake."

Hilo ni kosa la watu wa wilaya hii ya Rungwe. Mtu aliyezaliwa mahali ambapo hata nguzo ya uzio huchipua hawezi kuamini kwamba ipo ardhi inayoweza kukataa. Kiangazi kizima Amna na wanawake watatu walibeba udongo kwa ndoo, wakautandaza juu ya kokoto, wakapanda migomba. Mwenzake wa barazani, Mwanaharusi, alimcheka alipomwona anarudi na matope hadi magotini.

"Shoga, maiti huhamishwa. Wewe unahamisha mlima?"

"Yussuph alikuwa haamki hata kwa adhana ya alfajiri," Amna akajibu. "Leo ndiyo nimwamshe mimi?"

Masika ya 1996 yalipiga siku tisa bila kupumua. Maji yalibeba udongo wote, yakalaza migomba, yakakata mfereji katikati ya shimo. Ukingo ulianguka kwa mapande. Amna alihesabu tena: kumi na moja. Akakaa chini kwenye majani mabichi, na kwa mara ya kwanza akawaza kwamba labda Mwanaharusi alisema kweli.

Mvua ilipokatika aliteremka kuchukua ndoo zake. Ndipo alipouona ule mfereji. Maji yalikuwa yamepasua kokoto za sakafuni kwa kina cha mkono, na chini yake kulikuwa na weusi. Aligusa. Ulikuwa udongo, laini, wenye unyevu. Ndani yake mlikuwa na vipande vya mkaa, na vijitundu virefu vyembamba ambamo mizizi ilipita, ikaoza, ikaacha njia yake tupu.

Alimwita Mzee Anyosisye. Mzee aliteremka polepole, akainama, akavua kofia.

"Kulikuwa na msitu hapa," Amna alisema kwa sauti ya chini.

"Babu yangu hakunisimulia. Na babu yake hakumsimulia."

Mlima ulikuwa umeizika nchi hii nzima, majani na miti, chini ya mvua ya mawe meupe. Kisha, bila mkono wa mtu, nyasi moja ilianza juu ya weupe ule, na nyingine, mpaka ukatokea udongo ambao watu waliukuta wakadhani umekuwapo tangu mwanzo. Amna alipata kizunguzungu, kama mtu aliyechungulia kisima akaona nyota.

"Hii ni bitana," akasema, kama anayepapasa kitambaa cha ndani ya koti. "Sisi tulikuwa tunashonea juu ya nguo iliyochanika. Kumbe bitana nzima."

"Sema Kiswahili cha watu, mama."

"Tuchimbe, mzee. Mizizi ifike huku chini."

Kiangazi hicho hawakumwaga chochote. Walitoboa sakafu mashimo ya kina cha kiuno, kila mgomba ukapandwa miguu yake ikiwa ndani ya weusi. Ukingoni wakapanda mianzi, maana mwanzi hushikana na mwenzake chini kwa chini, na matete mbele yake. Mzee Anyosisye alichagua machipukizi mwenyewe, na hakutaja tena habari ya kulala.

Halafu ikaja ile mvua ya mwishoni mwa 1997, iliyoendelea hadi mwaka wa pili, iliyobomoa madaraja nchi nzima. Majuma mawili Amna hakuweza kufika Lufingo. Alishona, akitega sikio kwenye bati.

Barabara ilipopitika, alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mianzi, akageuka, akatembea kuelekea kwenye mparachichi. Kumi na moja. Akarudi, akahesabu tena.

"Miguu yako imefupika?" Mzee Anyosisye aliuliza kutoka uzioni kwake.

"Kumi na moja, mzee."

Mzee hakutania tena. Alikuja, akaomba waende wakautazame ule weusi. Waliteremka wakishikana mikono, wakipenya kati ya migomba iliyowapita vimo. Walitafuta mfereji, hawakuuona. Nyasi zilikuwa zimeufunika, na ukuta mweupe nao ulikuwa umevaa magugu hadi juu. Amna alinyoosha mkono ayatenganishe, kisha akaurudisha.

Juu yao, kwenye mparachichi, ndege alikuwa akilia.