Kipa Aliyerudishwa Darasa Ili Kombe Lisiondoke

Saa moja kasoro asubuhi. Lori dogo limesimama kando ya barabara na utingo yuko juu akishusha tairi bovu. Hashuki nalo. Analisukuma kwa mguu, linadondoka, linadunda mara moja kwenye vumbi na kuanza kubingirika kuelekea kwa watu wanaosubiri usafiri. Mwanamke aliyevaa ovaroli la bluu anapiga hatua mbili za ubavu, anainama, analipokea kwa viganja na kifua. Tairi linatulia.

"Siku moja utaua mtu," anamwambia utingo bila kupaza sauti.

"Si wewe ndiye Kipa?" utingo anacheka. "Lingekupitia wapi?"

Mwanamke huyo hacheki. Analiviringisha tairi hadi chini ya bati la kibanda chake, anaingiza vyuma viwili kati ya mpira na rimu, anakandamiza kwa goti na kuanza kazi. Ndivyo siku zake zinavyoanza. Ana kompresa moja ya mitumba inayokohoa kila ikiwashwa, jeki mbili, beseni la maji, gundi na viraka. Kwa siku nzuri anapata cha kula, cha kodi na cha ada. Kwa siku mbaya anapata cha kula tu.

Mtaani wanaamini ameitwa Kipa kwa sababu ya kudaka matairi. Anawaacha waamini hivyo, maana habari yenyewe ikianza hawezi kuisimulia akiwa ametulia. Jina alilipata shuleni. Alisimama golini miaka minne, na mitatu kati ya hiyo aliimaliza kwenye darasa lilelile moja, kidato cha pili.

Hakuwa mzito wa kichwa. Alirudishwa kwa sababu alikuwa anadaka vizuri.

Mashindano yenyewe ni ya wasichana wa vidato viwili vya chini. Ukipanda cha tatu, umetoka, hata ungekuwa hodari kiasi gani. Basi shule yake ikaona njia fupi: asipande. Kosa la mtoto lilikuwa kipaji chake, na adhabu ikawa kuachwa nyuma huku akipigiwa makofi.

"Walinivika kilemba cha ukoka," anasema, huku akiitoa tyubu na kuikung'uta vumbi. "Waliniambia timu bila mimi si timu. Jikoni nawekewa minofu miwili wenzangu wakipewa mmoja. Kufagia sifagii. Kengele ikilia ya vipindi vya jioni, mimi niko uwanjani. Mtoto wa miaka kumi na sita ukimfanyia hivyo, atakataa? Nilijiona malkia."

Nyumbani nako walifurahi. Baba yake, mshona viatu, aliwaambia wateja kwamba shule imemng'ang'ania binti yake, hawataki kabisa kumwachia. Alidhani ni sifa. Hakuna mwalimu aliyepata ujasiri wa kumweleza mzee yule kinachofanyika hasa.

Mwaka wa kwanza wa kurudia, wenzake walipanda naye akabaki. Mwaka wa pili, waliokuwa wadogo zake wakawa wenzake wa dawati moja. Walimwita dada mkubwa. Kuna siku refa, kijana mwenye kipenga kipya, alimwamkia shikamoo kabla ya kurusha sarafu, na uwanja mzima ukavunjika mbavu.

"Na mimi nilicheka," anasema. "Usiku kitandani ndipo nilipolia."

Anaizamisha tyubu kwenye beseni, anaizungusha polepole. Mapovu madogo yanapanda karibu na mdomo wa kujazia upepo. Anapaweka kidole, anapafuta, anapakwaruza kwa msasa.

Mwandishi wa makala haya alimuuliza kama anauchukia mpira. Aliinua uso kwa ukali.

"Mpira haujaniibia kitu. Usiandike hivyo, tutagombana. Mpira ulinipa. Nilikuwa mtoto wa kuongea chini kwa chini, golini nikajifunza kupaza sauti niwapange watu walionizidi umri. Nilijifunza kuanguka mbele ya umati na kusimama. Hata ndoto ya kuwa daktari wa mifupa niliipata uwanjani. Kila mechi kuna aliyeteguka, nami nilitaka kujua kwa nini. Walioniibia ni watu, wana suti na wana ofisi."

Ndoto hiyo ilikwenda wapi? Anasema ilisinyaa yenyewe. Ukisomeshwa mara tatu kitu kilekile, unaacha kusikiliza. Mwaka wa mwisho, mtu angemuuliza anataka kuwa nani maishani, angejibu: kipa. Basi. Hapo ndipo hasira inapompanda mtu anayemsikiliza, maana shule ilimpokea mtoto mwenye ndoto kubwa ikamrudisha na ndoto iliyoishia kwenye milingoti miwili.

Kisha akavunjika kifundo cha mkono, siku chache kabla ya fainali. Shule ikaleta kipa mwingine kutoka shule jirani. Asubuhi ya safari, Kipa alifika na mkono wake umefungwa, akitaka tu kwenda kuwashangilia wenzake. Aliambiwa basi limejaa.

"Niliona kwa macho yangu viti viwili vitupu," anasema.

Hakurudi tena darasani. Alimfuata mjomba wake, mwenye kibanda hiki cha matairi wakati huo, akawa anakaa tu nje akiuguza mkono. Mjomba, ambaye sasa amestaafu na huja kibandani kupiga soga, anakumbuka siku alipompa kazi. Tairi la trekta lilimponyoka na kushuka kwenye mteremko kuelekea barabarani. Wanaume wote waliruka pembeni.

"Yeye alilifuata," anasema mjomba. "Mkono mmoja mbovu, akalitegea bega, akalilaza. Nikamwambia, mama, kesho uje na nguo za kazi. Sijawahi kujuta. Ila mdomo anao, hilo lazima niseme. Wateja wawili watatu alinifukuzia."

"Wezi wale, mjomba."

"Sawa, wezi. Lakini walikuwa wateja."

Hadi hapo hii ingekuwa habari ya zamani, ya kusikitika na kuifunga. Isingeandikwa. Imeandikwa kwa sababu Kipa ana binti, na binti huyo anasoma shule ileile, yuko kidato cha pili, na anadaka.

Ni shule pekee iliyo karibu, anaeleza, na hakuwahi kumfundisha mtoto mpira. Mtoto alijifunza mwenyewe hapa kibandani, akipokea tyubu zilizojazwa upepo alizorushiwa na mama yake ili zisichafuke. Mitihani ya mwaka huu amefaulu vizuri, masomo yote. Jioni ya matokeo alikuja mbio, akakaa kwenye rimu lililopinduliwa na kusema kwa furaha: "Mama, nimechaguliwa kubaki."

Nimechaguliwa kubaki. Msomaji alirudie neno hilo mara mbili, aone lilivyopambwa. Kuachwa nyuma kumegeuzwa tuzo, na mtoto anakuja nayo nyumbani akitabasamu.

"Nilisikia masikio yanavuma," anasema Kipa. "Nilimfokea. Nilimwambia hutarudia darasa hata kwa dawa. Akanijibu, mama, wenzangu wananitegemea, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba timu haiachwi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Wanachukua kitu kizuri kabisa alicho nacho mtoto, ule moyo wa kutowaacha wenzake, halafu wanamfungia nacho mlango."

Walilala wamenuniana. Kesho yake mama alifunga kibanda na kwenda shuleni na ovaroli lake, mwandishi akiwa nyuma yake.

Ofisi ya mwalimu mkuu ina kabati la kioo linaloanzia sakafuni hadi karibu na dari. Ndani ni makombe tu. Vumbi halipo hata chembe. Ukutani, rangi imebanduka, na dirisha la darasa la jirani limezibwa kwa boksi. Kabati lina balbu yake.

"Karibu mama, keti," alisema mwalimu mkuu.

"Nimejaa grisi, Mwalimu. Nitasimama."

Pembeni alikaa mwalimu wa michezo, mwanamke wa makamo mwenye kipenga shingoni. Huyu Kipa anamjua kuliko alivyotaka. Alikuwa beki wake wa kati. Walicheza pamoja miaka miwili ya kwanza. Kwa kuwa hakuwa na kipaji cha kuifanya shule imng'ang'anie, alipandishwa darasa kama kawaida, akasoma, akawa mwalimu, akarudi.

Mwalimu mkuu alianza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema binti ni hazina, kwamba mwaka mmoja si kitu katika maisha ya mtoto, kwamba akirudia ataimarika zaidi. Alisema michezo hujenga tabia.

"Inajenga," Kipa alimjibu. "Ndiyo maana niko hapa. Kipa akifungwa, watu wote wanamwona. Halaumu beki, anakwenda wavuni anauokota mpira mwenyewe. Nyinyi mlinifunga, Mwalimu. Nani kati yenu aliwahi kuuokota?"

Mwalimu mkuu alisema enzi hizo yeye hakuwepo. Kisha, pengine bila kupima maneno, akaongeza kwamba wazazi wa siku hizi huleta watoto pale wanapoona kombe, na kombe lisipokuwepo shule haitajaa.

"Kwa hiyo mtoto wangu ni bango la tangazo," alisema Kipa.

Binti aliitwa. Aliingia na viatu vya mpira vimening'inia begani, akasimama karibu na mlango, mbali na mama yake. Mwalimu wa michezo alimwambia kwa upole aeleze mwenyewe anachotaka.

"Nataka kuwasaidia wenzangu," alisema binti.

"Umesikia, dada?" Mwalimu wa michezo alimgeukia Kipa. "Anataka mwenyewe. Na bila yeye mwakani timu imekufa."

Binti alikunja uso. Mtoto aliyezoea kulitazama goli lake hapitwi na upenyo. "Mwalimu, kwani kipa wa akiba ni nani?"

"Hatuna. Hatujawahi kuhitaji."

"Nikivunjika mkono je?"

"Usijitakie mabaya, mwanangu."

"Mama alivunjika. Ulikuwepo. Ilikuwaje?"

Mwalimu mkuu alipanga kalamu zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Mwalimu wa michezo alishika kipenga chake.

"Tulileta mwingine," alisema mwishowe.

"Kumbe mwingine huwa anapatikana," alisema binti. Sauti ilikuwa inamtetemeka, lakini hakuishusha. "Basi mimi napanda, Mwalimu. Kuna yule mrefu wa kidato cha kwanza, wanamwita Ngazi. Hajui kuanguka tu. Nitamfundisha kila jioni baada ya vipindi. Timu siiachi, ila darasa silirudii."

Kipa anasema hakumwangalia binti yake wakati huo, kwa kuogopa kulia mbele ya watu wale. Aliliangalia kabati. Kombe alilolipigania hadi akavunjika mkono liko rafu ya pili, la tatu kutoka kushoto, na limeng'arishwa vizuri sana.

Mwalimu mkuu, akiona mwandishi anaandika, alisema shule haimlazimishi mtu na binti atapanda. Ilichukua sentensi moja. Ni kitu kilichowezekana muda wote, hata miaka ile, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Nje, mwandishi alimfuata mwalimu wa michezo na kumuuliza kama kuna wasichana wengine wanaorudia darasa kwa ajili ya timu. Hakukanusha. "Andika unavyotaka," alisema. "Mimi nina kombe la kutetea." Akapuliza kipenga na wasichana wakaanza kukimbia kuzunguka uwanja.

Sasa ni jioni, kibandani. Binti yuko nyuma ya bati na msichana mrefu, mwembamba, mwenye vumbi hadi kwenye nyusi. Anamrushia tyubu iliyojaa upepo, mara chini kulia, mara chini kushoto. Ngazi anaogopa kuanguka. Anakunja magoti, anasita, tyubu inampita.

"Ardhi haikuchukii, mdogo wangu," binti anamwambia. "Anguka na ubavu. Hivi." Anaanguka na kuinuka kumwonyesha. Safari hii Ngazi anaanguka, anaidaka, anabaki amelala pale chini akicheka.

Kipa anawatazama huku akifunga nati za mwisho za gari la mteja. Uso wake ni uleule wa asubuhi, wa mtu mwenye deni la kudai. Mwandishi anamuuliza kama sasa moyo umetulia.

"Utatuliaje? Wangu amepona. Huyu je?" Anamwonyesha Ngazi kwa spana. "Ameanza kujua kudaka. Unaona hatari yake? Tunamfundisha vizuri, na akishakuwa hodari ndipo watamtamani."

Kuhusu mipango yake, hana mingi. Anataka kompresa mpya. Anataka binti amalize shule na asome chochote kitakachompendeza, hata kama si mifupa. Na siku ya mashindano atafunga kibanda aende uwanjani, jambo ambalo hajalifanya tangu basi lile lilipoondoka.

"Nitasimama nyuma ya goli la Ngazi," anasema. "Mechi ikiisha, washinde wasishinde, nitamwita nimuulize swali moja tu, mbele ya walimu wake: uko kidato cha ngapi?"

Anaikaza nati, anaipima kwa mkono, anairudia.

"Mwakani nitarudi nimuulize tena."