Jina kwa Wino Mweusi

Hakuna aliyemtuma Gladwell kuandika jina la mamake. Alijituma mwenyewe, na hilo ndilo lililomfuata mwaka mzima kule Japani, likapanda naye ndege hadi kwao Timau.

Huko alikuwa akitunza wazee katika makao yao. Kila Alhamisi mchana bibi mmoja, Hayashi, alikuja kuwafundisha wazee shodo, yaani kuandika kwa brashi na wino mweusi, naye Gladwell akapewa kiti cha nyuma. Mkono uliozoea jembe la viazi ukawa mzito kama gogo. Alidondosha matone, akapindisha mistari, na kwa aibu akapitisha brashi tena pale palipopinda. Bibi Hayashi akamshika kifundo cha mkono: mstari haurudiwi, ulivyotoka ndivyo ulivyo.

Baada ya miezi mitatu bibi akamsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Gladwell akachukua karatasi nyeupe, akaandika kwa herufi zetu ili mama aweze kusoma: CICILY GATAKAA. Akaipiga picha, akaituma. Mama akapiga simu akicheka.

"Umeniandika kama msalabani," akasema.

Ndipo Gladwell alipoona. Mtu yeyote wa Timau angeona kabla wino haujakauka. Jina kamili, jeusi juu ya nyeupe, kwetu huandikiwa mtu mara moja tu, kwenye msalaba wa kaburi lake, na mwenyewe hasomi. Akaichana karatasi ile vipande vipande. Siku ya kumi na sita tangu simu ile, mama akafa. Ruhusa ya kusafiri ikakosekana, akayatazama mazishi kwenye simu, picha ikikwamakwama.

Tangu hapo hakushika brashi. Akiwapaka wazee dawa, akiosha vikombe, aliliona lile jina likiwa bado bichi. Je, mkono wake ndio uliomwita mama? Yeye ni mtu wa kanisa, alijua huo ni ushirikina. Kujua hakukumsaidia kitu.

Mkataba ulipokwisha akarudi. Babake, mzee Mithika, akampeleka nyuma ya ghala la viazi. Kaburi lilikuwa na msalaba mweupe usio na jina. Gladwell alidhani wamemwekea hukumu yake hapo. Chini ya msalaba palikuwa na kopo la rangi nyeusi na brashi mpya.

"Alikataa fundi," mzee akasema. "Alisema utamwandika wewe. Si ulishajifunza?"

"Alisema lini, baba?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Siku ile ya picha. Daktari alikuwa ashamwambia. Akakataza uambiwe, ati utaacha kazi urudi."

Kwa hivyo mama alicheka akijua. Gladwell alilia, na machozi ya kwanza yalikuwa ya hasira. Mwaka mzima amejihukumu kwa kumwita mama, kumbe mama ndiye aliyemnyima nafasi ya kuitwa.

Alipomaliza kulia akachovya brashi. Mkono ulitulia herufi baada ya herufi hadi ile A ya mwisho, hapo ukatetemeka, na mguu wa herufi ukapinda. Mzee akamsogezea kopo ili arekebishe.

Gladwell akalifunika.

"Wacha tu, baba. Haurudiwi."