Tangazo la Ng'ombe wa Mama Kabula

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, katika miaka ile ya sabini, nilipokuwa nikifundisha kisomo cha watu wazima huko Usangu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu Iringa majuzi tu, kichwa kimejaa tashbihi nilizozikariri: mweupe kama theluji, mrembo kama malaika. Niliamini kwa dhati kwamba nimetumwa kuwafundisha watu kusema vizuri.

Mwanafunzi wangu mmoja, Mama Kabula, mfugaji aliyehamia kutoka Usukuma, aliingia darasani akihema. Ng'ombe wake wa maziwa amepotea. Nyumbani alikuwa na mjukuu mchanga aliyefiwa na mama, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomlea. Alitaka nimwandikie tangazo likasomwe mnadani Rujewa.

"Yukoje?" nikauliza.

"Kama majivu yaliyodondokewa na manyunyu. Na pembe moja imeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni."

Nikaona haya kwa niaba yake. "Mama, majivu ni uchafu. Wala pembe haisikilizi."

"Sasa Mwalimu, ndivyo alivyo. Nimtaje wa jirani?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Niliandika, kwa mwandiko wa chuoni: "Amepotea ng'ombe mweupe kama theluji, mwenye pembe kama mwezi mwandamo." Akauliza theluji ni nini. Nikajibu ni kitu cheupe mno, ingawa mimi mwenyewe sikuwahi kuiona. Akalichukua tangazo. Aliniheshimu kuliko alivyoyaamini macho yake.

Baada ya mnada, waliletwa ng'ombe wawili weupe, wazuri kweli. Hakuna aliyekuwa wake. Nilichanganyikiwa, mwanangu. Nililisoma upya lile tangazo, neno kwa neno, nisione kosa. Niliwashuku wasomaji, nikaushuku hata mnada wenyewe. Wakati huo mtoto alikuwa akinyweshwa uji mwepesi, na kilio chake kilikuwa kikififia.

Ndipo akaja Mzee Masanja, shemeji yake Mama Kabula.

"Mwalimu, hebu tuelekeze. Hiyo theluji inachungwa wapi, tukamtafute huko?"

"Mzee, ni mfano tu."

"Mfano wa nani? Aliyepotelewa ni huyu mama."

Akaenda mwenyewe Rujewa, akayasema maneno yaleyale ya majivu na manyunyu. Hakumaliza. Mfugaji mmoja wa Kisangu alimkatiza: "Huyo yuko zizini kwangu tangu juzi! Tangazo nililisikia, nikasema si yeye."

Ng'ombe aliporudi, mtoto alikunywa mpaka akalala na kikombe mdomoni. Mama Kabula hakunilaumu. Alinishika mkono, akanisimamisha mbele ya yule mnyama. "Mtazame, mwanangu," akasema. Nikatazama. Rangi ya majivu, vidoa vyeusi, kama matone yameanguka sasa hivi. Mpaka leo sielewi siku ile nilikuwa nikitazama wapi.

Basi, mwanangu, unapofananisha kitu na kingine, chagua kile ambacho macho yako yamekiona, na ambacho anayekusikiliza anakijua. Usikipambe kitu hata mwenyewe asikitambue. Na mtu akikupa maneno yake, usimnyang'anye.

Mungu akujalie macho matulivu na ulimi mkweli, na wale utakaowasemea wajitambue katika maneno yako.