Siku Niliposema Asante

Mke wangu alijua sukari yangu imeshuka kwa dalili moja tu: upole. Hakungoja jasho wala mikono kutetemeka. Mimi ni mtu wa kufoka. Nilifundisha hesabu shule ya msingi pale Mwisenge, na ukali wa darasani nilirudi nao nyumbani kila jioni. Asante na samahani niliwaachia wengine.

Miaka ile ya foleni sukari ilikuwa haionekani. Siku mke wangu alipopata robo kilo aliificha kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, na watoto wakaendelea kunywa uji wa chumvi. Mimi nilikuwa najidunga insulini. Daktari alikuwa amemweleza kwamba sukari ikishuka sana nisipopewa kitu kitamu upesi, naweza kufa.

Jumamosi moja shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuja kutoka Bukima na sato wawili wakavu. Nilikuwa nimejidunga asubuhi, nikanywa uji kidogo, nikaketi kusahihisha madaftari mpaka mchana. Mke wangu alikuwa ziwani anafua. Nilijisikia vizuri ajabu. Akili haikuniaga wakati inaondoka. Niliona mambo wazi kuliko siku zote. Mimi daktari kanikataza chai ya sukari, mgeni hakukatazwa, basi sukari ni ya mgeni. Nikalishusha kopo, nikamimina vijiko vyote vilivyobaki kwenye kikombe chake.

"Karibu sana, shemeji," nilimwambia. "Asante kwa kuja. Asante kwa samaki. Samahani kwa yote."

Mke wangu aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Beseni la nguo lilianguka. Alimpokonya kaka yake kikombe, akanishika kisogo, akaninywesha ile chai, nusu yake ikaishia kifuani.

"Dada! Ndiyo heshima gani hii?"

"Kaka, huyu mtu hasemagi asante. Akisema, ujue anakufa."

Baada ya muda nikaanza kufoka kuhusu shati langu lililolowa. Hapo ndipo alipokaa chini, akajifuta machozi. Shemeji alikunywa maji.

Baadaye maduka yalifunguliwa, na Mwisenge sukari ikauzwa kwa magunia. Siku moja, nimekula nikashiba, sina tatizo lolote, nilimtazama akichambua mchele nikakumbuka zile foleni alizosimama na mtoto mgongoni. Niliona aibu kweli kweli. Nilikaa kitambo nikiyapanga maneno.

"Mama," nikasema, "samahani. Asante kwa miaka yote hii."

Ungo ulimtoka mkononi, mchele ukamwagika sakafuni. Alikimbilia jikoni, akarudi na kijiko kimejaa sukari hadi inadondoka. Nilitaka kumweleza kwamba sijambo, kwamba safari hii ni mimi mwenyewe ninayesema. Nikauona uso wake umejaa hofu. Nikafungua mdomo, nikakipokea kijiko.